Sababu za Waziri Girao

Fumie Sakaguchi alikuwa akilipwa mshahara ili atunge uongo, na kazi hiyo aliimudu. Kwa miaka mingi alikuwa ameiandikia televisheni michezo ya katuni, ya roboti zinazolia, ya paka wanaopika, ya wasichana wa shule wanaoruka angani bila kuchafua soksi, na hata siku moja hakupata kuogopa kitu kilichotoka kichwani mwake mwenyewe. Hofu ilimkuta Alhamisi moja ya mwezi wa pili, studioni kwao Suginami, mjini Tokyo, ndani ya chumba kidogo cha kutazamia picha, akiwa na mkate wa maharage matamu mdomoni.

Siku hiyo walikuwa wanaitazama sehemu ya wiki kwa mara ya mwisho, kabla kanda haijapelekwa kituo cha televisheni. Katika kikao cha namna hiyo hakuna anayefurahia hadithi. Kila mtu anasaka kosa: kifungo cha koti kilichobadilika rangi, kivuli kilichoangukia upande usio wake, mdomo unaocheza wakati sauti imekwisha. Fumie alitafuna mkate wake bila wasiwasi. Sehemu yake ya kazi ilikwisha zamani, siku alipokabidhi maandishi.

Kwenye kioo, Waziri Girao aliingia jikoni kwake alfajiri. Alikuwa mzee wa nchi isiyokuwepo duniani, mwenye upara na joho refu, na alikuwa anajaza maji kwenye chupa. Jioni ya siku hiyo angesimama mbele ya watu wa bonde, ambao visima vyao vilikuwa vimetiwa sumu na migodi ya mfalme, na angekunywa kikombe kizima mbele ya macho yao kuwaonyesha kwamba maji ni salama. Wangemwamini. Wangerudi majumbani mwao wakayanywa maji ya visima. Maji ya Girao yalikuwa yametoka nyumbani kwake, na hilo alilijua yeye peke yake, ingawa aliyemwona alikuwa binti yake mdogo aliyesimama mlangoni akifikicha macho.

Girao akaifunga chupa. Kidole gumba chake kilizunguka mdomo wa chupa mara mbili, polepole, kikifuta unyevu, halafu akaigonga kitako kwa kiganja, mara moja, kama anavyogongwa mgongo mtoto aliyepaliwa.

Mkate ukamkwama Fumie kooni. Upara ulikuwa wa Girao na joho lilikuwa la Girao, lakini mkono ule ulikuwa wa baba yake.

Maandishi yake hayakusema lolote kuhusu kidole gumba. Yalisema tu kwamba Girao anajaza chupa. Ilimchukua muda kukumbuka mkosi ulikoanzia. Mchoraji wa kipande kile alikuwa binti mmoja aitwaye Tsukuda, mwenye bidii ya kuudhi. Wachoraji wa pale huweka kioo kidogo mezani, wakajitazama wakikunja uso, wakishika kikombe, wakijikuna, ndipo wakachora. Na wasipojua jambo linafanywaje, humwendea wanayedhani anajua. Tsukuda alimfuata Fumie kwenye mashine ya kahawa, chupa yake ya chai mkononi.

"Dada, huyu mzee wako anafungaje chupa? Nimechora nikafuta, nimechora nikafuta. Naona kama muuza duka tu."

Fumie alikuwa kwenye maongezi na mtu mwingine. Aliichukua ile chupa, akaifunga, akamrudishia mwenyewe, akaendelea na umbea wake. Hakufikiri hata kidogo. Lakini mkono ulikumbuka, na Tsukuda, kwa ile bidii yake ya kuudhi, hakuacha kitu.

Taa zilipowashwa, Fumie alimwandama mwongozaji hadi kwenye korido. Mwongozaji aliitwa Hatano, mtu mnene mwenye sweta lililotobolewa na sigara.

"Pale Girao anapofunga chupa," alisema Fumie. "Pakatwe."

Hatano alimtazama kana kwamba ameambiwa ang'oe jino zima. "Bibie, hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote mwaka huu. Tsukuda amekonda kwa ajili ya huo mkono."

"Tuweke dirisha. Tuweke birika. Sekunde chache tu, nani atajua?"

"Kanda inaondoka saa tisa. Umeona kosa?"

"Hakuna kosa."

"Basi kuna nini?"

 Fumie hakuwa na uongo wa kutosha hapo alipo, yeye aliyekuwa na uongo wa kuuza.

"Nenda nyumbani ukalale," alisema Hatano. "Uso wako umekuwa mweupe kama tofu."

Lawama, kama ni lawama, ilikuwa ya Hatano mwenyewe. Hadithi ya Girao ilianzia kwenye kitabu cha picha kilichokuwa kikitoka kila mwezi, na mwandishi wa kitabu hicho alikuwa mtu wa pole pole. Televisheni ikamfikia, ikampita. Mwandishi akasema hana neno, nyinyi shikeni njia yenu, mimi nitashika yangu, tutaona nani atafika salama. Katika kitabu, Girao ni mwovu wa kawaida, anacheka meno yote nje, anaua kijiji kabla ya chai ya asubuhi. Hatano hakuwataka waovu wa aina hiyo. Siku ya kuyapitia maandishi, mbele ya mtu wa kampuni ya vitabu, mtu wa kituo cha televisheni na bwana mmoja wa kiwanda cha wanasesere, alimuuliza Fumie maswali mawili. Siku ile Girao alifanya nini asubuhi? Na kwa nini alifanya alichofanya?

Swali la kwanza halikumsumbua. Asubuhi hiyo alikuwa nayo kichwani tangu utotoni.

Alikulia Urashio, mji mdogo wa pwani uliokuwa na ufugaji wa chaza na kiwanda cha karatasi. Baba yake, Teizo, alikuwa mhandisi wa maji kiwandani. Akina mama waliobandua chaza walipoanza kufa ganzi vidole na kuangusha mabakuli, waliandamana hadi getini, na Teizo akatoka mbele yao na maji aliyosema ni yale yale yanayotoka kwenye bomba la kiwanda kwenda baharini. Akanywa mpaka tone la mwisho. Akina mama wakapiga makofi, wakarudi kwenye chaza zao. Fumie hakuwepo getini. Aliwepo jikoni asubuhi ile, mlangoni, alipomwona baba akijaza chupa kwenye bomba la nyumbani, akafuta mdomo wa chupa kwa kidole gumba, akaigonga kitako. Jioni aliposikia watu wakimsifu baba yake, mtoto wa miaka tisa aliziunganisha habari mbili, akanyamaza. Alikuwa amenyamaza hadi leo. Kiwanda kilikuja kufungwa, waathirika wakalipwa kidogo, wengi wakiwa wamekwisha kufa, na jina la Teizo halikutajwa popote. Alistaafu na saa ya ukutani.

Swali la pili ndilo lililomshinda. Kwa nini? Hakujua. Akatazama dari, akasema: ana mtoto mgonjwa, na dawa ameishika mfalme. Sababu ilipatikana kwa muda wa kumeza chai, na wote mezani wakashusha pumzi. Hata yule bwana wa wanasesere alitikisa kichwa kwa huzuni. Tangu hapo watu wakampenda Girao kuliko mashujaa wenyewe.

Na Teizo alikuwa mtazamaji. Mzee wa miaka sabini na kitu, mjane, peke yake Urashio, hakuwahi kukosa Jumamosi hata moja. Kila sehemu ilipokwisha alipiga simu, akasema maneno yale yale: "Nimeliona jina lako." Halafu wakazungumza habari za baridi, wakaagana. Fumie alikuwa ameficha vizuri. Alibadilisha nchi, akabadilisha kiwanda kuwa migodi, akamfanya binti wa mlangoni kuwa mtoto wa miaka mitatu asiyeelewa kitu, akampa maradhi ya moyo. Alijiambia baba angeona hadithi tu. Sasa Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, baba angeona mkono wake mwenyewe, mkubwa kama kioo kizima, na angejua kwamba mwanawe alijua.

Baada ya hapo?  Watu wa umri ule, wa mji ule, wakivuliwa nguo hadharani hawana mazoea ya kuzivaa tena. Na kulikuwa na Konomi.

Konomi, binti yake wa miaka kumi na miwili, aliwapenda watu wawili duniani bila masharti: babu yake na Waziri Girao. Jioni ile ya Alhamisi Fumie alimkuta amejichimbia kwenye meza ya blanketi, ile meza fupi yenye hita chini yake, anamenya chenza.

"Kono," alisema akivua koti, "hivi huyu Girao unampendea nini? Mtu mbaya."

"Wa kitabuni ndiye mbaya. Wa kwako ni mbaya halafu anasikitisha."

"Tofauti yake?"

"Mama, si wewe unayemwandika?" Konomi alitema mbegu. "Wa kitabuni namchukia, nafunga kitabu, nakula. Wa kwako nakwenda naye mpaka shule. Najiuliza, mimi je? Mama akiwa anakufa, nami nina chupa mkononi?" Alifikiri kidogo. "Inatisha, lakini inatisha vizuri. Kwa sababu anayo sababu. Mtu akiwa na sababu unaweza kumsamehe, hata akifa vibaya. Unalia halafu unajisikia safi."

"Na asipokuwa nayo?"

"Nani atatazama hiyo?" alisema Konomi. "Nipe tishu."

Fumie alimpa tishu. Usingizi wa siku zile mbili ulikuwa wa kuibaiba.

Jumamosi ilifika. Konomi alikaa mbele ya televisheni na Fumie akakaa nyuma yake, lakini yeye alikuwa anaitazama simu. Aliusikia muziki wa kufungulia, akasikia bomba la jikoni kwa Girao, akasikia lile pigo moja la kiganja kwenye kitako cha chupa. Sauti waliyoiweka ilikuwa hasa yenyewe.  Kule Urashio, kwa dakika ile ile, mzee alikuwa amelisikia pia.

Majina yakapita. Simu ikalia kabla hayajaisha, na Konomi akaiwahi.

"Ni Mayu wa darasani," alisema Konomi, amefunika simu kwa kiganja, macho mekundu. "Analia. Anasema yule mtoto asife."

"Mwambie aachie laini."

"Ndiyo kwanza ameanza kulia, Mama."

"Kono, mwambie aachie laini."

Laini ikaachiwa. Simu ikakaa pale kwenye kabati, nyeusi, kimya. Walikula, wakaosha vyombo, Konomi akaoga. Baba hakupiga. Fumie akapiga mwenyewe. Simu ya Urashio iliita, ikaita, na yeye akaona kila kitu kilichokuwa karibu nayo: kalenda ya duka la mchele, saa ya kustaafu ukutani, ile boriti nene juu ya sebule ambayo mama alikuwa akitundikia matunda ya makaki yakauke wakati wa vuli. Hakutaka kuifikiria ile boriti. Akakata, akapiga tena. Kabla ya kulala alipiga mara nyingi mno hata Konomi akamuuliza anaongea na nani asiyejibu.

"Babu yako. Nadhani yuko bafuni."

"Usiku kucha?"

Asubuhi iliita vile vile. Fumie alikwisha kuvaa koti, mkoba begani, anamwandikia jirani maneno mawili ya kumwomba amwangalie Konomi wakati yeye anakimbilia treni, kengele ya mlango ilipolia. Alifungua. Alikuwa baba yake, amevaa koti lake la mazishi, amebeba boksi la machenza lililofungwa kwa kamba.

"Nimekuja na treni ya kwanza," alisema Teizo. "Jana nililala Hiroshima, karibu na stesheni. Kuna mahali unakwenda?"

Fumie alishusha mkoba kwa nafuu, na nafuu hiyo haikumaliza hata dakika. Mzee alikuwa hai, alikuwa mlangoni pake, na katika maisha yake yote hajapata kuja Tokyo bila kusema wiki mbili kabla. Alivua viatu akavipanga. Hakumtazama machoni. Konomi alitoka mbio chumbani akamrukia shingoni, na Fumie akaiona ile mikono ya mzee ikisita hewani kabla haijamshika mjukuu.

Siku nzima mzee hakuigusia ile chupa. Alikwenda na Konomi bustanini, wakarudi. Alikunywa chai. Alilitazama bomba la jikoni la Fumie likidondoka, akaomba bisibisi, akalitengeneza. Kila alipokohoa, Fumie alisimama. Kila Konomi alipotaja jina la Girao, na alilitaja kama wimbo, Fumie alimtuma dukani. Alimtuma mara tatu, na mara ya tatu mtoto akarudi na kitunguu akasema wazi kwamba mama yake ana kichaa. Fumie alikuwa ameshapiga hesabu yake: kama mzee atasubiri mtoto alale, basi yote yatasemwa kati yao wawili, yatazikwa kati yao wawili, na Konomi atabaki na babu. Hilo tu ndilo alilokuwa akiliomba.

Jioni aliweka chungu katikati ya meza ya blanketi, kabichi ya Kichina, tofu, vitunguu virefu, nyama ya nguruwe vipande vyembamba. Wakaketi, miguu chini ya blanketi. Mvuke ukapanda. Konomi, ambaye subira haikuwa fungu lake, aliweka vijiti chini.

"Babu, uliiona jana?"

"Konomi, chukua tofu," alisema Fumie.

"Ninayo tofu. Uliiona, Babu?"

"Niliiona," alisema Teizo. "Nilirekodi, nikaiona tena. Halafu nikaenda stesheni."

"Ulilia?"

"Baba, supu itapoa."

"Nilimwonea huruma," alisema mzee.

"Si nilisema?" Konomi alimgeukia mama yake kwa ushindi, kisha akamrudia babu. "Sasa, Babu, niambie kweli. Ungekuwa wewe. Mama ndiye mdogo, ndiye mgonjwa, dawa anayo mfalme. Ungeijaza ile chupa?"

 "Acha maswali ya kipuuzi wakati wa kula," alisema Fumie, na sauti ikamtoka kali kuliko alivyotaka.

"Mama yako hakuwa mgonjwa," alisema Teizo.

Konomi akacheka. "Najua, Babu. Nasema kama."

"Mimi sisemi kama. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na afya ya chuma, alikula kuliko mimi. Bibi yako alikuwa mzima. Siku nilipoijaza ile chupa hakukuwa na mgonjwa yeyote nyumbani kwetu."

Chungu kikaendelea kuchemka. Konomi alimtazama mama yake akitafuta tabasamu, ishara, chochote cha kumwonyesha kwamba huu ni mzaha wa wazee, na Fumie, ambaye kazi yake ni kutoa vitu kama hivyo, hakuwa na cha kutoa.

"Chupa gani?" aliuliza Konomi polepole.

Akamwambia. Hakurefusha. Akamwambia kiwanda, akamwambia chaza, vidole vilivyokufa ganzi, bomba la jikoni, geti, makofi. Alizungumza kama mtu anayesoma mita ya maji, na hakuna mahali alipojipaka rangi, si nyeusi wala nyeupe. Fumie alitaka kunyanyuka amzibe mdomo. Hakunyanyuka.

"Sasa kwa nini?" alisema Konomi. Sauti yake ilikuwa imefifia.

"Mkuu wa idara alikuwa anastaafu mwezi wa tatu. Walikuwa wanatafuta wa kukaa kwenye kiti chake."

"Halafu?"

"Nikakaa mimi."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Lakini ulijisikia vibaya. Ulirudi nyumbani ukalia."

Teizo alilifikiria jambo hilo kwa haki, kana kwamba anapekua droo. "Mchana nilikula vibua vya kuchoma. Nilimaliza. Usiku nililala vizuri. Vibaya nilijisikia baadaye, miaka mingi baadaye, na wakati huo kujisikia vibaya kulikuwa hakumsaidii mtu." Akamgeukia Fumie kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Huyu wako analia vizuri sana. Nilimtazama nikasema, huyo mimi. Mkono wangu ule. Nikaipenda sababu yake. Usiku mzima kule Hiroshima nilikuwa najiambia labda Fumie aliwahi kuugua, labda nimesahau, mtu husahau. Nilitafuta, mwanangu. Nilitafuta mwaka kwa mwaka. Uliwahi kupata tetekuwanga tu, na ilikuwa baadaye. Ndipo nikaogopa, maana bado kidogo tu ningeiamini."

"Baba," alisema Fumie. "Mtoto anasikia."

"Anasikia. Anampenda yule mzee wa joho, na mimi ananipenda kwa ajili yake, bila kujua. Sitaki kupendwa kwa mkopo."

"Mbona hukusema siku zote hizi?" aliuliza Konomi.

"Hakuna aliyeuliza." Mzee alivipanga vijiti vyake vizuri kando ya bakuli. "Alikuwepo mmoja aliyejua. Alisimama mlangoni asubuhi ile na soksi mguu mmoja. Nilimsikia. Niliifunga chupa polepole ili apate nafasi ya kuniuliza. Nikangoja akue. Nikangoja aolewe, nikangoja aachike. Nimengoja mpaka amenitungia jibu mwenyewe, akalionyesha nchi nzima."

Fumie alikaa mikono mapajani, na hofu aliyoibeba tangu Alhamisi, na kabla ya Alhamisi, ikamgeukia na kumwonyesha uso wake. Hakuwa ameogopa kwamba baba atajitambua. Alikuwa ameogopa kuuliza kwa nini, akaambiwa hivi alivyoambiwa sasa: kwa kiti. Watu wote waliomwandikia kumshukuru kwa ajili ya Girao walikuwa wameogopa kitu hicho hicho, naye alikuwa amewatuliza wote pamoja na nafsi yake kwa mtoto mmoja mgonjwa aliyemtoa kwenye dari ya chumba cha mikutano.

Alizima moto chini ya chungu. 

"Wale akina mama," alisema. "Uliwajua?"

"Wote."

"Kwa majina?"

"Kwa majina," alisema Teizo, na kwa kuwa hatimaye alikuwa ameulizwa, akaanza kuwataja, mmoja mmoja, na nyumba zao, na nani alikuwa mke wa nani. Alikuwa amefika kwa yule aliyekaa karibu na shule wakati Konomi alipoanza kuivuta miguu yake kutoka chini ya blanketi, taratibu, akiiepusha na miguu ya babu yake. Mzee aliona. Hakunyamaza.